Uvuvi wa Burudani Katika Maji Baridi: Maeneo, Misimu na Masharti ya Kuzingatia

Na Mwandishi Wetu

Mtu anayetupa mshipi ziwani siku ya Jumamosi kwa ajili ya kujipumzisha, kisha akarudi nyumbani na sato wawili wa kitoweo, mara nyingi hajihesabu kuwa mvuvi. Hana mtumbwi, hana nyavu wala hapeleki samaki sokoni. Hata hivyo, kwa mujibu wa sheria za nchi, anachokifanya ni uvuvi, na maji anayovulia ni rasilimali ya Taifa yenye utaratibu wake wa matumizi. Makala haya yanaeleza uvuvi wa burudani katika maji baridi ni nini, hufanyika katika maeneo gani nchini na kwa majirani, hufanyika mara ngapi na katika misimu ipi, na ni mambo gani mwananchi au mgeni anapaswa kuyafahamu kabla ya kushika ndoana.

Maana ya uvuvi wa burudani

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), katika mwongozo wake wa mwaka 2012 kuhusu uvuvi wa aina hii, linauelezea kuwa ni uvuvi ambao samaki wanaopatikana si chanzo kikuu cha lishe ya mvuaji na kwa kawaida hawauzwi. Maana hiyo inautofautisha na uvuvi wa kibiashara, ambao lengo lake ni soko, na uvuvi wa kujikimu, ambao kaya huutegemea kwa chakula cha kila siku. Hapa nchini uvuvi huu hujulikana pia kama uvuvi wa michezo, hasa pale unapofanywa na watalii.

Zana zake ni chache: ufito, mshipi, ndoana, chubwi na chambo, kiwe cha asili kama minyoo na samaki wadogo au cha bandia kinachofanana na samaki au mdudu. Tofauti kubwa na uvuvi wa nyavu ni kwamba mvuaji hukamata samaki mmoja mmoja, hivyo anaweza kuamua papo hapo kumchukua au kumrudisha majini akiwa hai. Uamuzi huo mdogo ndio kiini cha masharti mengi yanayoelezwa hapa chini.

Ziwa Victoria

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na zaidi kidogo ya nusu ya eneo hilo liko Tanzania. Samaki anayewavutia zaidi wavuvi wa burudani katika ziwa hili ni sangara. Samaki huyu hakuwa wa asili ya ziwa. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, na kuchangia kutoweka kwa aina nyingi za furu. Ni samaki anayeweza kuzidi urefu wa mita moja na nusu na kufikia uzito wa kilo 200. Rekodi ya dunia ya sangara aliyekamatwa kwa ufito na mshipi ni kilo 104.32, iliyowekwa Desemba 2000 katika Ziwa Nasser nchini Misri.

Eneo linalofahamika zaidi kwa uvuvi huo upande wa Tanzania ni Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977 kusini magharibi mwa ziwa. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 457, zikiwemo za maji yanayokizunguka kisiwa, na maji hayo ni mazalia muhimu ya samaki. Uvuvi wa kibiashara hauruhusiwi ndani ya mipaka yake. Uvuvi wa michezo hufanyika kwa kibali cha hifadhi na kwa kuongozwa na watumishi wake, katika mandhari ambayo mgeni huweza pia kuwaona nzohe, mamba, viboko na furukombe.

Jijini Mwanza, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu na iko umbali mfupi kwa boti kutoka katikati ya jiji. Kwa mkazi wa mjini, hiyo ni fursa ya kulitembelea ziwa bila safari ndefu. Nje ya hifadhi, wakazi wa mwambao huvua sato, kambale na gogogo kwa ndoana kutoka kwenye miamba na magati, kwa kawaida asubuhi na jioni.

Ziwa Tanganyika

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, na kuwa la pili duniani kwa kina. Linamilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Samaki wake wengi hawapatikani kwingine kokote. Wavuvi wa burudani humtafuta zaidi kuhe, ambaye ni mkubwa kuliko wote katika jamii ya sato na furu barani Afrika, pamoja na migebuka na jamaa wa sangara wanaoishi katika ziwa hilo pekee.

Anayevua kando ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, anapaswa kukumbuka kwamba mpaka wa hifadhi hauishii ufukweni. Unaingia ziwani umbali wa takriban kilomita 1.6. Ndani ya ukanda huo taratibu za hifadhi ndizo zinazotumika.

Ziwa hili limetoa pia funzo la karibuni kuhusu haja ya kuyapumzisha maji. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, shughuli za uvuvi upande wa Tanzania zilisitishwa ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua. Kwa maelfu ya kaya za mwambao, miezi hiyo mitatu ilikuwa miezi bila kipato cha kawaida. Kwa mgeni anayevua kwa kujifurahisha, kuheshimu mapumziko ya namna hiyo ni wajibu wa msingi: haipendezi mwenyeji mwenye familia ya kulisha atundike nyavu, huku mwenye ufito akiendelea kuvua kana kwamba amri haimhusu.

Ziwa Nyasa

Ziwa Nyasa, lenye kina kinachofikia takriban mita 700, lina mamia ya aina za samaki wa jamii ya furu. Anayefuatwa na wavuvi wa ndoana, hata hivyo, ni mbasa, samaki mwenye rangi ya fedha na nguvu nyingi, ambaye wakati wa mvua huliacha ziwa na kupanda mito, ukiwemo Mto Ruhuhu, ili kutaga mayai.

Tabia hiyo ndiyo inayomweka hatarini. Samaki wanapokusanyika kwenye mdomo wa mto ni rahisi kuwakamata, na anayewakamata hapo huchukua pamoja nao kizazi kijacho. Mbasa amepungua sana na ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa samaki walio katika hatari ya kutoweka. Mvuvi wa burudani anayejali hukaa mbali na midomo ya mito wakati wa msimu huo, na akimpata mbasa humrudisha majini.

Bonde la Kilombero

Mito ya Mnyera na Ruhudji, inayotiririka kutoka nyanda za juu kuingia Bonde la Kilombero, ina jina kubwa miongoni mwa wavuvi wa michezo wa kimataifa kuliko linavyofahamika na Watanzania wengi. Kinachowavuta ni samaki mla nyama wa jenasi ya Hydrocynus, mwenye meno marefu yaliyochongoka na mistari myeusi ubavuni. Aina moja ya samaki hao, iliyotambuliwa kisayansi mwaka 1986, imepewa jina la nchi yetu: Hydrocynus tanzaniae.

Bonde hilo lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 7,967 liliorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Maji yake huelekea Mto Rufiji, ambako Bwawa la Kufua Umeme la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Kilimo, mifugo na ukataji miti katika vyanzo vya mito hiyo huamua kama maji yatabaki safi. Samaki huyu huwinda kwa kutumia macho. Mto ukijaa tope, huduma ya kitalii inayotegemea uwepo wake nayo hukosa wateja.

Mabwawa na mito ya nyanda za juu

Kwa wananchi waishio mbali na maziwa makuu, uvuvi wa ndoana hufanyika katika mabwawa. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 katika bonde la Mto Pangani, hupokea maji ya mito Kikuletwa na Ruvu na lina perege na kambale. Bwawa la Mtera, katika Mto Ruaha Mkuu kwenye mpaka wa mikoa ya Dodoma na Iringa, ni kubwa zaidi, ingawa eneo lake hupanuka na kusinyaa kulingana na mvua na matumizi ya maji. Mabwawa yote mawili ni tegemeo la wavuvi wadogo, hivyo mgeni hufika kwanza kwa viongozi wa mwalo kabla ya kuanza kuvua.

Katika mito yenye maji baridi ya milimani kuna samaki aina ya trauti, aliyeletwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni mahususi kwa burudani ya kuvua. Nchini Kenya, trauti wa kwanza waliwekwa mwaka 1905 katika Mto Gura, kwenye safu ya Aberdare, na hadi leo mito ya Aberdare na ya Mlima Kenya ndiyo maarufu zaidi kwa samaki huyo katika ukanda huu. Ziwa Naivasha nalo lilipandikizwa samaki aina ya basi kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa lengo hilohilo. Nchini Uganda, wavuvi wa michezo hukusanyika chini ya maporomoko ya Murchison, katika Mto Nile, ambako sangara yupo kwa asili.

Huvuliwa mara ngapi

Mara ambazo mtu huenda kuvua hutegemea mambo matatu: msimu, nafasi na umbali. Katika mito, kipindi kizuri ni kiangazi, maji yanapokuwa machache na maangavu. Ndiyo maana safari za Kilombero hupangwa zaidi kati ya Agosti na Novemba, kabla ya mvua kuifurisha mito na kuzifunga barabara. Katika maziwa makuu uvuvi huwezekana mwaka mzima, lakini pepo kali na dhoruba hupunguza siku zilizo salama. Kuhusu saa, samaki wengi hula zaidi alfajiri na jioni kuliko jua la utosi.

Mkazi wa kando ya ziwa anaweza kuvua kila mwisho wa juma, au hata kila jioni. Mtalii huvua siku chache mfululizo, pengine mara moja katika maisha yake. Wote wawili huitwa wavuvi wa burudani, ilhali athari yao kwa samaki na mchango wao kwa uchumi ni tofauti kabisa.

Baadhi ya nchi hupima tofauti hiyo kwa utafiti. Marekani imekuwa ikifanya utafiti wa kitaifa wa wavuvi wa burudani tangu mwaka 1955. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa watu milioni 35.8 wenye umri wa miaka 16 na zaidi walivua, na kati yao milioni 30.1 walivua katika maji baridi kwa jumla ya siku milioni 383. Huo ni wastani wa takriban siku 13 kwa mtu mmoja kwa mwaka, yaani kama mara moja kwa mwezi.

Hesabu ya siku ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Tuchukue mfano wa bwawa linalotembelewa na watu 1,000, kila mmoja akivua siku 13 kwa mwaka na kuchukua samaki wawili kila siku. Hakuna kati yao anayejiona kuwa ameharibu chochote. Kila mmoja amechukua samaki 26 tu. Kwa pamoja, hata hivyo, wameondoa samaki 26,000. Katika Ziwa Victoria, sensa ya uvuvi inayofanyika kwa ushirikiano wa Tanzania, Kenya na Uganda tangu mwaka 2000 huhesabu mialo, vyombo, zana na wavuvi. Utaratibu huo umelengwa kwa uvuvi wa mialoni, na mtu anayevua mara mojamoja kwenye mwamba karibu na nyumbani kwake haonekani humo kwa urahisi. Leseni yake, pale anapokuwa nayo, ndiyo njia mojawapo ya kumfanya aonekane katika takwimu na katika mipango.

Masharti ya kuzingatia

Uvuvi nchini Tanzania Bara husimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 na marekebisho yake. Mwananchi anayekusudia kuvua kwa burudani anashauriwa kufika katika ofisi ya uvuvi ya halmashauri ya eneo husika ili kupata maelekezo kuhusu leseni na ada inayotumika kwa wakati huo. Ndani ya hifadhi ya taifa, kibali cha hifadhi ni cha lazima hata kwa mwenye leseni ya halmashauri.

Vipimo vya samaki havibagui kati ya mwenye nyavu na mwenye ndoana. Katika Ziwa Victoria, kipimo cha chini cha sangara ni sentimita 50, na cha sato ni sentimita 25. Samaki aliye chini ya vipimo hivyo hurudishwa majini. Sumu, vilipuzi, makokoro na katuli ni marufuku kwa yeyote.

Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyofahamika kama BMU, ndivyo macho ya Serikali kwenye mialo. Mvuvi wa burudani anayejitambulisha kwao hujua maeneo ya mazalia yanayopaswa kuachwa, huepuka kukata nyavu za wenyeji kwa mshipi au injini, na huweza kutoa taarifa pale anapoona uvuvi haramu.

Namna ya kumrudisha samaki majini

Kumwachia samaki kuna faida iwapo tu ataishi. Ndoana isiyo na kijino cha kunasia hutoka kwa urahisi na haichani mdomo. Samaki ashikwe kwa mikono iliyoloweshwa, kwa kuwa mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na magonjwa. Asining'inizwe kwa mshipi wala kulazwa juu ya mchanga au ubao wa moto wa boti. Picha ipigwe haraka, kisha samaki ashikiliwe wima majini hadi aanze kuogelea mwenyewe.

Sangara aliyevutwa kutoka kina kirefu huhitaji uangalifu zaidi, kwani kibofu chake cha hewa huvimba anapopandishwa kwa kasi na anaweza kushindwa kuzama tena. Ni vyema anayekusudia kuwaachia samaki wake kuvua kwenye kina kifupi. Inafaa pia kukumbuka kwamba sangara wakubwa sana kwa kawaida ni majike, nao hutaga mayai mengi kuliko wadogo. Samaki anayependeza zaidi kwenye picha ndiye mara nyingi mwenye thamani kubwa zaidi akibaki ziwani.

Usalama wa mvuaji

Maji baridi yana hatari zake. Mamba hujificha karibu na kingo zenye matope na matete, na kiboko huwa mkali zaidi anapozibiwa njia ya kurudi majini. Mvuaji asisimame ndani ya maji mahali ambapo wanyama hao wanafahamika kuwepo, na asiwe peke yake kabla ya jua kuchomoza au baada ya kuzama. Anayeingia ziwani kwa chombo avae jaketi okozi muda wote, wala asilihifadhi chini ya kiti, na afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kuondoka. Maji tulivu na ya kina kifupi yenye majani huweza kuwa na konokono wanaoeneza kichocho. Anayeyakanyaga mara kwa mara anashauriwa kupima afya katika kituo cha karibu.

Hitimisho

Maziwa, mito na mabwawa yaliyotajwa yana nafasi kwa mwenye mtumbwi anayesomesha watoto kwa dagaa na sangara, na pia kwa anayekuja kupumzisha mawazo kwa saa mbili jioni. Nafasi hiyo hubaki iwapo kila mmoja atachukua kwa kiasi na kwa wakati wake. Kwa hiyo, kabla ya safari, mwananchi anakumbushwa mambo manne: athibitishe kuwa eneo analokwenda liko wazi kwa uvuvi katika kipindi hicho, apate leseni au kibali kinachohusika, abebe kipimo cha urefu wa samaki, na ajitambulishe kwa viongozi wa mwalo au hifadhi. Akifanya hivyo, hata akirudi bila samaki, ziwa litakuwa limebaki na akiba kwa ajili yake na kwa wengine.